Mpangaji wa Shimo

Nchi yetu inaitwa Jamhuri ya Shwari. Mambo yote huku ni shwari, na mtu anayesema si shwari huhamishiwa mahali palipo shwari zaidi, pamezungushiwa seng'enge. Mimi sijawahi kuhamishwa. Mimi ni mtumishi wa serikali, Mpiga Makofi Daraja la Pili katika Wizara ya Makazi na Furaha ya Familia. Kazi yangu ni kuketi safu ya tatu kwenye mikutano ya Waziri na kupiga makofi pale wananchi wanaposahau. Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba sisimulii kwa ubaya. Nasimulia kwa faida ya wanaotaka kujenga vyumba viwili vitatu vya kupangisha. Ni njia nzuri ya kujiwekea uzee, na aliyenifundisha ni Bi Zamoyoni, mama mwenye nyumba wangu.

Bi Zamoyoni alikuwa amefua mashuka ya hospitali kuu tangu usichana wake mpaka alipostaafu. Kwa mshahara huo alinunua kiwanja Mikwajuni, kando ya barabara ya lami. Hakujenga nyumba yote kwa mkupuo. Alijenga chumba kimoja, akalala humo yeye na kaka yake. Akajenga cha pili, akakipangisha, na kodi ya cha pili ikajenga cha tatu. Nilipohamia mimi nyumba ilikuwa na vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, choo na jiko uani.

“Kiwanja usikinunue kiangazi, Makofi,” aliniambia siku moja tukichambua mchele. Aliniita Makofi kwa sababu ya kazi yangu. “Nenda kakitazame mvua inaponyesha, uone maji yanasimama wapi. Na mpangaji akija kutazama chumba, mpeleke chooni kwanza. Akikunja pua akaondoka, mwache aende. Akiuliza maji ya kusafishia yako wapi, huyo mpe ufunguo.”

“Mimi nilikunja pua,” nilisema.

“Nilikuona. Lakini uliuliza maji.”

Kaka yake aliitwa Mzee Shomvi. Alikuwa haoni tangu ujana wake. Alikaa chumba cha mbele, upande wa barabara, kwa sababu alipenda kusikia watu wakipita, na aliwajua wengi kwa kikohozi. Nyumba ile aliijua kwa kiganja. Alitembea ukumbini mkono wa kulia ukiwa ukutani, na kwa miaka mingi mkono ule ulikuwa umechora mstari mweusi, laini kama uliopakwa mafuta, kutoka mlango wa chumba chake mpaka uani. Bi Zamoyoni alipaka nyumba chokaa kila mwaka, lakini mstari ule aliuruka.

* * *

Mwaka ule Wizara yetu iliandaa Semina Elekezi kwa Wawekezaji Wadogo wa Nyumba za Kuishi. Kuhudhuria kulikuwa kwa hiari, na askari walipita nyumba kwa nyumba kuwakusanya waliojitolea. Mgeni rasmi na mtoa mada pekee alikuwa Waziri wetu, Mheshimiwa Daktari Ladislausi Kapalata, mtu wa makamo, mwenye shingo inayoanzia masikioni.

“Ndugu wawekezaji!” alinguruma. “Nyumba ni nini? Nyumba ni fikra iliyoezekwa! Mwekezaji mdogo aanze kwa kufikiri kidogo, na Serikali itamsaidia kufikiri kilichobaki! Nimepita mitaani kwenu nikasikitika. Mnafungua madirisha yanayotazama kwa jirani. Dirisha la kizalendo hutazama Wizarani! Na imezuka tabia nyingine, ya mtu kujizungushia kuta nne. Unaficha nini? Wenzetu walioendelea wanaishi kwenye uwazi!”

Hapo nilipiga makofi, kwa sababu nakala yangu ya hotuba ilikuwa na nyota mahali hapo.

Mwishoni Waziri aliomba mwekezaji mdogo mmoja asimame atoe ushuhuda. Watu waliinamisha vichwa. Bi Zamoyoni alisimama. Alikuwa amevaa kitenge chake cha sikukuu, na alieleza vizuri, bila haraka, jinsi chumba kimoja kilivyojenga kingine.

“Nami namshukuru Mungu kiwanja changu kiko barabarani,” alimalizia, “maana mpangaji hapendi kukanyaga matope. Nyuma yangu pameota ghorofa, Mheshimiwa. Limejengwa mpaka kwenye mpaka pande zote, hata paka hapiti, na halina njia ya kuingilia. Namwonea huruma mwenyewe. Angeniuliza, ningemwambia kabla hajaweka tofali la kwanza: baba, ulizia njia yako iko wapi, halafu ulizia uchafu wako utakwenda wapi.”

Watu walicheka. Waziri naye alicheka, na aliendelea kucheka wengine wote walipokuwa wamenyamaza. Ghorofa lile lilikuwa lake. Umiliki wake ulikuwa siri ya taifa, na kila mtu ukumbini aliijua. Mpaka leo sijui kama Bi Zamoyoni hakuijua.

“Kando ya barabara,” alisema Waziri akipangusa macho. “Mikwajuni. Vizuri sana, mama. Vizuri sana.”

* * *

Katapila lilikuja kabla matope ya semina hayajakauka kwenye viatu vyetu. Ofisa mwenye kipaza sauti alitangaza kwamba nyumba ya Bi Zamoyoni imekubali kwa hiari yake kupisha Barabara ya Umma ya Usalama na Maendeleo. Barabara hiyo ilianzia kwenye lami na kuishia kwenye lango la ghorofa la Mheshimiwa. Ilikuwa barabara fupi kuliko zote nchini, na ilipewa jina refu kuliko zote.

Katika Shwari hatubomoi ovyo. Wapimaji walivuta kamba katikati ya ukumbi, na katapila likafuata kamba. Vyumba vitatu vya upande ule vilikwenda, pamoja na ukuta wa ukumbi na mstari wake. Vitatu vya upande huu vilibaki: changu, cha Mama Mwajabu anayeuza vitumbua, na kimoja walichohamia Bi Zamoyoni na kaka yake. Ukumbi ulibaki nusu, wazi kama jukwaa. Walikata kwa ustadi hivi kwamba meza ya chai ilibaki ndani na kiti kimoja kikawa barabarani.

Waziri alikuja mwenyewe kukabidhi fidia mbele ya kamera. Fidia ilikuwa kalenda kubwa ya ukutani yenye picha yake.

“Naitundika ukuta gani, Mheshimiwa?” aliuliza Bi Zamoyoni.

“Mama, wewe usitazame ulichopoteza. Tazama upepo unaoupata! Sasa una nyumba ya kisasa. Wenzako watakuonea wivu.”

Mimi nilikuwa kazini. Nilipiga makofi.

Tuliishi hivyo. Wapita njia walitusalimia tukiwa tunakula, na wengine walipiga hodi mahali pasipo na mlango, kwa adabu tu. Mzee Shomvi alielezwa, akaelewa. Dada yake alimshika mkono akampitisha hatua kwa hatua, akamwonyesha kwa mguu pale sakafu inapoishia na mfereji wa barabara unapoanzia. Alicheka akasema amepata veranda. Lakini mkono una kumbukumbu yake. Asubuhi moja alitoka kwenda uani, Bi Zamoyoni akiwa anachota maji. Mimi nilikuwa nafunga kamba za viatu mlangoni kwangu, nikamwona akinyoosha mkono wa kulia kutafuta ukuta. Aliupapasa upepo. Akanyoosha zaidi, kama mtu anayedhani amesimama mbali kidogo, na nilipopiga kelele alikuwa ameshaanguka mferejini.

Nyonga ilivunjika. Alilazwa kwenye hospitali ileile ambayo dada yake alifua mashuka yake, na hakutoka akiwa hai.

Wizara ilitoa taarifa ya masikitiko. Ilisema kwamba marehemu aliingia kwenye barabara ya umma bila kutazama pande zote mbili, na ikawaasa wananchi kuzingatia alama za barabarani.

Siku ya msiba mikeka ilitandikwa pale palipokuwa vyumba, maana ndani hatukuenea. Dua ikiwa inasomwa, gari jeusi lilitokea barabarani. Lilikuwa la Mheshimiwa, akienda kukagua ghorofa lake. Lilipiga honi. Wazee waliinuka, wakakunja mikeka, likapita taratibu, kioo kikiwa kimepandishwa. Bi Zamoyoni hakuinuka na wengine. Alikaa hapohapo, mpaka gurudumu likamkanyagia pindo la kanga, ndipo akalivuta. Alilitazama lile gari kwa makini, kama anavyomtazama mpangaji mpya.

* * *

Ghorofa lilipata wapangaji kabla rangi haijakauka. Walikuwa watu wazito: wakurugenzi, mashemeji wa wakurugenzi, na mabibi wanaonukia. Halikuwa limefunguliwa rasmi, kwa sababu katika Shwari jengo hufunguliwa na Baba wa Shwari mwenyewe, na Baba alikuwa na foleni ndefu ya madaraja na visima.

Wakati huohuo tatizo lilianza kwetu. Shimo la choo chetu lilikuwa kubwa, la kuta za mawe, lililochimbwa kwa ajili ya vyumba sita. Sasa tulibaki watu watatu tu, na shimo likajaa. Likanyonywa na gari la maji taka, likajaa tena.

“Da Zamoyoni, tumekula nini?” alilalamika Mama Mwajabu. “Watu watatu sisi!”

Bi Zamoyoni aliniita mchana mmoja nimsaidie kuinua mfuniko. Tuliinama tukachungulia. Hakuna aliyekuwa chooni, wala aliyekuwa anaoga, lakini mle ndani maji yalikuwa yanamwagika kama mtu anayemimina ndoo. Juu ya uchafu palielea povu zito la rangi ya waridi, nalo lilinukia. Ubavuni mwa shimo, upande wa ghorofa, ulikuwa umetokeza mdomo wa bomba nene kama paja la mtu. Walilipitisha chini ya ile barabara yao siku walipokuwa wanaishindilia.

Nikaelewa. Mheshimiwa alikuwa amejenga kiwanja chote, hakubakisha nafasi ya kuchimba. Uchafu wa ghorofa zote nne ulikuwa unakuja kwetu.

Mama Mwajabu alitaka kwenda kupiga kelele. “Twende kwa mwenyekiti wa mtaa! Twende redioni! Wamekuulia kaka, sasa wanakunyea!”

“Shusha mfuniko, Makofi,” alisema Bi Zamoyoni.

“Bibi, tunyamaze tu?” niliuliza.

“Shusha. Na polepole, utapasua kingo.” Aliosha mikono yake kwa muda mrefu, kisha akakaa kwenye kigoda. “Nikilia leo, watanihamisha wao, na bomba watalielekeza kwa maskini mwingine. Hapana. Hili ni mgeni wangu. Mpangaji akiingia bila kubisha hodi, usimfukuze kwa hasira. Mwache alete vitu vyake vyote ndani kwanza.”

Tangu hapo alilitunza bomba lile kama mtu anavyotunza ng'ombe wa harusi. Shimo lilipojaa aliita gari, akalipa, hakunung'unika. Alipokutana na wapangaji wa ghorofa aliwauliza kwa upole kama maji yao yanashuka vizuri, nao walimsifu kwamba ni mama asiye na kinyongo.

* * *

Hatimaye ikatangazwa kwamba Baba wa Shwari anakuja Mikwajuni kulifungua ghorofa. Kila kitu kilipakwa rangi nyeupe: mawe, miti, na mbuzi mmoja aliyechelewa kuondoka. Nusu ya nyumba yetu ilifunikwa kwa pazia refu lililochorwa nyumba nzima, lenye madirisha manne na familia inayocheka.

Gari la matangazo lilipita likisoma agizo la Waziri: “Kila mwenye nyumba aliye kando ya njia ya msafara azibe kwa zege kila tundu, shimo, bomba au upenyo wowote unaotoa harufu! Atakayebakisha tundu moja atachukuliwa kuwa amelikusudia!”

Bi Zamoyoni alilisikiliza agizo akiwa amesimama. Kisha akaenda kumwita Fundi Njechele, mwashi wa mtaa, aje na mifuko ya saruji.

Jioni ya kuamkia siku ya ziara alikuja Afisa Afya, Bwana Kidunda, kijana mwenye suti nzito, kukagua utekelezaji. Fundi alikuwa ameshaziba matundu ya panya, upenyo wa dirisha la choo, hata sikio la mtungi. Lililobaki lilikuwa shimo, na mfuniko wake ulikuwa pembeni. Bwana Kidunda aliziba pua kwa tai.

“Na hili bomba?”

“Hilo si langu, Bwana Afisa,” alisema Bi Zamoyoni. “Sijui la nani. Naogopa kugusa mali ya mtu.”

“Linanuka?”

“Sogea unuse, mwanangu.”

Bwana Kidunda hakusogea. “Kama si lako na linanuka, halina mwenyewe. Agizo la Mheshimiwa halichagui. Ziba!”

“Nizibe kabisa, Bwana Afisa? Au nibandike kitambaa tu mpaka wageni waondoke?”

“Mama, unataka kunifukuzisha kazi? Zege! Kokoto na nondo!”

“Umesikia, Njechele,” alisema Bi Zamoyoni, na sauti yake ilikuwa tamu kama ya mtu anayepokea posa. “Serikali imesema. Nondo.”

* * *

Sherehe ilianza Baba alipowasili. Mimi nilikuwa safu ya tatu, glavu nyeupe mikononi. Mheshimiwa Kapalata alikuwa ameandaa jambo ambalo halijapata kufanyika katika nchi yoyote. Nchi nyingine humpigia kiongozi wao mizinga. Sisi tungempigia Saluti ya Maji: Baba angesimama kwenye sebule ya mfano, ghorofa ya chini, angedondosha leso yake, na hapohapo wapangaji wa ghorofa zote, kila mmoja akiwa amesimama tayari mbele ya choo chake, wangevuta maji kwa pamoja.

“Baba!” Waziri alipaza sauti, machozi yakimlengalenga. “Wakoloni walitukuta vichakani. Leo mwananchi wa kawaida ana choo cha kuvuta ndani ya nyumba yake, na atakivuta kwa heshima yako! Ngurumo utakayoisikia, Baba, ndiyo ngurumo ya maendeleo!”

Waliingia sebuleni, Baba, Waziri na walinzi. Zulia lilikuwa jekundu, makochi bado yako kwenye nailoni. Sisi tulibaki nje tukitazama kupitia vioo. Jengo lilikuwa limetumika tangu alfajiri, na wageni walikuwa wamekunywa sana. Baadhi ya wapangaji walinong'ona kwamba maji hayashuki, lakini nani angemwambia Waziri siku ile?

Leso ikadondoka.

Kwanza tulisikia ngurumo kweli, kutoka juu mpaka chini, nzuri sana. Baba alitabasamu. Halafu ngurumo ikageuka kwikwi. Halafu kimya. Kisha kitu fulani ndani ya kuta kikavuta pumzi, na mlango wa msala wa sebule ya mfano ukafunguka wenyewe.

Mimi ni mtumishi wa serikali na sitaeleza kilichotoka. Nitasema tu kwamba kilitoka kwa ari, kwamba kilikuwa na povu la rangi ya waridi, na kwamba Waziri, kwa uzalendo, alijaribu kukizuia kwa mwili wake. Makochi yalielea. Baba alipotoka mlangoni alikuwa amelowa mpaka kiunoni, na kofia yake haikuwa nyeupe tena.

Nakala yangu ya ratiba ilisema: *Baba anatoka sebuleni, makofi mazito, yasiyokoma.* Nikapiga. Idara nzima ikapiga. Wananchi walipoona tunapiga nao wakapiga, na sijawahi kuwaona wananchi wa Shwari wakipiga makofi kwa moyo namna ile. Nyuma yao, pembeni mwa lile pazia la nyumba iliyochorwa, alisimama Bi Zamoyoni na kitenge chake cha sikukuu. Yeye hakupiga makofi. Alikuwa akimtazama Kapalata akipangusa macho.

Redio ilitangaza jioni hiyo kwamba Mheshimiwa Kapalata atapangiwa kazi nyingine. Katika Shwari kazi nyingine haijawahi kupatikana.

* * *

Alinyang'anywa gari, walinzi na nyumba ya serikali. Mkewe alirudi kwao na samani zilizobaki kavu. Wapangaji wazito walihama siku ileile, wakiziba pua. Kapalata alibaki na ghorofa lake tu, akahamia huko peke yake, kwenye vyumba vingi vyenye vyoo vingi visivyoshusha hata kikombe. Alfajiri tulimwona akitoka na mfuko wa nailoni, akitazama huku na huku.

Waziri mpya alitaka kuonekana mwema. Akafuta Barabara ya Umma ya Usalama na Maendeleo, akamrudishia Bi Zamoyoni ardhi yake mbele ya kamera zilezile. Uchunguzi wa ile ajali nao ulifanyika. Bwana Kidunda aliapa kwamba agizo lilitekelezwa neno kwa neno, na aliyelitoa agizo akaonekana ndiye aliyeikusudia ajali.

Ndipo Kapalata akaja. Alikuwa amekonda, ile shingo ikawa imejitokeza. Alisimama kwenye ukingo wa sakafu, pale pasipo na ukuta.

“Mama,” alisema, “mimi na wewe sote ni wawekezaji.”

“Kweli,” alisema Bi Zamoyoni. Alikuwa akikuna nazi, hakuacha.

“Sina pa kuchimba shimo. Kiwanja changu kimekwisha. Nikipata kipande kidogo tu hapa mbele, wapangaji watarudi. Nitakulipa kodi kila mwezi. Fikiria, mama. Kodi ya shimo!”

Alifikiria. Nilimwona akifikiria, na niliogopa atamrushia mbuzi ya nazi. Lakini alipangusa mikono, akashuka kwenye uwanja uliokuwa barabara, akatembea polepole mpaka mahali fulani, akachora duara kwa kisigino.

“Utachimba hapa.”

Nilipajua. Palikuwa chumba cha mbele, cha Mzee Shomvi.

“Asante, mama! Nitaleta vibarua kesho.”

“Vibarua hawakanyagi kiwanja changu. Utachimba wewe. Kwa jembe na sululu, mpaka niseme basi. Shimo litakuwa langu, wewe utakuwa mpangaji wake. Na ukuta wangu utaujenga kwanza.”

Kapalata alinitazama mimi, nadhani kwa mazoea, kama anayengoja makofi. Nilitazama viatu vyangu.

Aliujenga ukuta. Aliujenga vibaya, ukabomolewa, akaujenga upya, mpaka Fundi Njechele alipotikisa kichwa na kusema unafaa. Kisha akaanza shimo. Udongo pale ulikuwa umeshindiliwa na katapila lake na magari yake, mgumu kama sakafu, na chini yake mlikuwa na vipande vya tofali vya vyumba vitatu. Viganja vyake vilichubuka, vikapasuka, vikachubuka tena. Watu wa Mikwajuni walikuja kutazama. Wengine walikuja na viti.

Mama Mwajabu, aliyetaka kupiga kelele redioni, ndiye aliyeshindwa kuvumilia. “Da Zamoyoni, inatosha sasa,” alisema akimshika bega. “Mtu anatoka damu. Mwache alete vibarua. Mungu ameshakulipia.”

“Mungu amelipa ya kwake,” alisema Bi Zamoyoni. “Kaka yangu alinyoosha mkono akapapasa, akaukosa ukuta. Huyu naye apapase. Udongo upo, hataukosa.”

Aliweka kigoda chake kwenye ukingo na kukaa hapo kila alasiri baada ya kazi zake. Hakutukana, wala hakucheka. Nilidhani siku zikipita uso wake utalainika, kama nilivyosoma kwenye hadithi. Haukulainika. Ulipendeza, lakini haukulainika. Alikula vizuri na kulala vizuri, na asubuhi nilimsikia akiimba.

Shimo lilipomfika Kapalata mabegani, alisimama. Alifuta jasho, akaacha matope usoni. Alitazama juu, kwenye miguu ya mwanamke aliyemzidi umri kwa miaka mingi, na ambaye yeye, tangu semina mpaka siku ile, alikuwa hajawahi kumsalimu kama anavyosalimiwa mtu mzima.

“Shikamoo, mama,” alisema kutoka chini.

Mimi nilishusha mikono. Tulingoja marahaba, maana hakuna mtu wa kwetu anayeinyima, hata kwa mwizi.

Bi Zamoyoni aliinama, akachungulia ndani ya shimo kwa makini, kushoto na kulia, kama fundi anayekagua kazi.

“Bado hujafika,” alisema. “Chimba.”